Jarida letu la barua pepe halisomwi: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni ofisa mawasiliano wa shirika dogo linaloanzisha maktaba katika shule za msingi. Kila mwisho wa mwezi tunatuma jarida kwa barua pepe: faili la PDF la kurasa sita lenye ujumbe wa mkurugenzi, taarifa za mikutano, ziara za wageni na makabidhiano ya vitabu. Natuma kutoka kwenye akaunti ya kawaida ya Gmail, kwa mafungu. Orodha yetu ina anwani 3,200 za wafadhili, walimu, watu wa kujitolea na wengine waliotuachia kadi zao mikutanoni. Wanaofungua ni wachache, hakuna anayejibu, na sasa wapo wanaosema barua zetu zinaangukia kwenye barua taka. Mkurugenzi anataka tuongeze picha. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, picha hazitasaidia. Naanza na hilo kwa sababu mkurugenzi wako ameshalishika, na ukilifuata utamaliza mwezi mzima ukipamba jarida ambalo tatizo lake haliko kwenye sura. Kwa maelezo yako naona matatizo mawili. La kwanza, hamjaamua mnamwandikia nani. La pili, barua zenu zinatumwa kwa njia ambayo kampuni za barua pepe haziiamini. Hili la pili linatatuliwa kwa siku chache, na wengi hulikimbilia kwa sababu lina hatua zinazoeleweka. Lakini hata barua ikifika salama, isiposomwa imefika bure, kwa hiyo tuanze na la kwanza.

Tazama upya mambo uliyoyataja. Ujumbe wa mkurugenzi, mikutano, ziara, makabidhiano. Katika kila habari mtendaji ni shirika: limekutana, limepokea, limekabidhi, limeshiriki. Hiyo ni taarifa ya utendaji. Taarifa ya utendaji ina wasomaji wake, yaani bodi na wafadhili wenye mkataba, na hao husoma kwa sababu ni wajibu wao. Jarida linakwenda kwa mtu ambaye halazimiki kusoma chochote. Mwalimu anafungua simu wakati wa mapumziko akiwa na dakika mbili, barua nyingine ishirini zinamsubiri, na yenu inamwambia kwamba shirika lilishiriki kongamano. Ataifanyia nini habari hiyo?

Kisha kuna hili la kuwaandikia watu wote barua moja. Mfadhili anataka kujua kama fedha yake ilifanya kilichosemwa. Mwalimu anataka kitu atakachokitumia kesho darasani. Mtu wa kujitolea anataka kujua anahitajika lini na wapi. Ukiwawekea wote humo humo, kila mmoja anapaswa kuruka theluthi mbili ya barua ili apate ya kwake, na baada ya miezi miwili mitatu anaacha kutafuta.

Najua shirika dogo haliwezi kuandika majarida matatu, na sikushauri ufanye hivyo. Chagua kundi moja liwe ndilo msomaji wa jarida, na makundi mengine yapate barua fupi pale tu kunapokuwa na jambo lao. Mashirika mengi huchagua wafadhili, kwa hofu inayoeleweka. Mimi katika nafasi yenu ningechagua walimu. Maktaba iliyofunguliwa kwa sherehe halafu ikafungwa kwa kufuli ni hasara kwa kila mtu, na mwenye uwezo wa kuizuia hasara hiyo ni mwalimu. Wafadhili wakubwa ni wachache: waandikie mmoja mmoja kwa majina yao, hawahitaji jarida. Wafadhili wadogo waachie wajiunge na jarida la walimu wakipenda, na usiogope kwamba litawachosha. Mfadhili akisoma barua iliyoandikwa kwa ajili ya mwalimu, anaiona kazi ikifanyika. Mwalimu akisoma barua iliyoandikwa kwa ajili ya mfadhili, anajiona akizungumziwa kwa watu wengine.

Ukishachagua, andika ahadi ya sentensi moja. Kwa mfano: "Kila mwezi, njia moja ya kuwafanya watoto waazime na kusoma vitabu, kutoka kwa mwalimu aliyeijaribu." Sentensi hiyo iwekwe kwenye fomu ya kujiandikisha, na wewe uitumie kama kipimo cha kila habari inayoletwa mezani kwako. Ziara ya wageni inapita? Haipiti, labda mgeni awe alimfundisha mwalimu jambo ambalo wengine wanaweza kulifanya. Hapa ndipo utakapopata upinzani ofisini, kwa sababu kila idara imezoea kuwa na kona yake. Shikilia. Idara ikitaka kuingia jaridani, ilete kitu kinachomfaa msomaji.

Toleo moja linatosha kuwa na habari kuu moja ya maneno 300 hadi 400, habari fupi mbili, na ombi moja. Nakazia ombi moja. Ukimwomba msomaji ajibu dodoso, achangie, awafuate mitandaoni na ahudhurie warsha katika barua ile ile, unamgawia uamuzi wa kuchagua, na njia rahisi ya kuepuka uamuzi ni kufunga barua.

Kuhusu uandishi wenyewe, tuseme mmekabidhi vitabu 400 kwa shule fulani. Mmezoea kuandika hivi: "Shirika limekabidhi vitabu 400 kwa shule hiyo katika hafla iliyohudhuriwa na viongozi mbalimbali." Msomaji hana pa kushika. Sasa mpigie simu mwalimu wa maktaba wiki sita baadaye umuulize kimetokea nini tangu siku ile. Pengine atakwambia kwamba watoto wa darasa la tatu walikuwa wanaogopa kuazima kwa sababu wazazi waliwaonya watalipishwa kitabu kikichanika, naye akaamua kuweka meza ya kukarabati vitabu ambapo watoto wenyewe hubandika kurasa kila Ijumaa. Hiyo ndiyo habari. Ina tatizo ambalo walimu wengine wanalo, ina alichokifanya, na ina kitu cha kuiga. Vitabu 400 vinaweza kutajwa katikati, kwa nusu sentensi. Andika kwa "wewe" na "sisi", sentensi fupi, jambo kubwa likitangulia. Salamu ndefu na "tunayo furaha kubwa kukuletea" zifute zote. Mwenye dakika mbili anazisoma kama kikwazo.

Kichwa cha barua ndicho kinachosomwa na watu wengi zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jarida, nacho mara nyingi huandikwa mwisho, kwa sekunde tano, na kutoka hivi: "Jarida Na. 14, Toleo la Machi." Hakimwambii msomaji chochote isipokuwa kwamba kumi na tatu yalitangulia. Simu nyingi huonyesha herufi kama 30 hadi 40 tu za kichwa, kwa hiyo maneno yenye uzito yawe mwanzoni. Kwa habari ile ya meza ya ukarabati ningeandika: "Vitabu vinachanika? Wape watoto gundi." Kama hukipendi, basi "Meza ya Ijumaa inayookoa vitabu." Vyote viwili vinasema kilichomo. Baada ya kichwa, programu nyingi za barua huonyesha mstari mwembamba wa maneno ya mwanzo ya barua. Usipouandika wewe mwenyewe, utajazwa na "Kama huoni barua hii vizuri bofya hapa", na nafasi nzuri inapotea. Mifumo ya kutuma majarida ina sehemu maalumu ya kuuandika.

Usidanganye kwenye kichwa. Wapo wanaotanguliza "Re:" ili ionekane ni majibu ya mazungumzo yaliyokuwepo. Atakayefungua kwa kudanganywa mara moja hatafungua tena. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inakataza kabisa vichwa vya kupotosha katika barua za kibiashara, na hata pale sheria isipokufikia, imani ya msomaji ni mali yenu.

Jina la mtumaji liwe la mtu pamoja na la shirika, na lisibadilike kila toleo. Na anwani ya kutumia iwe inayopokea majibu. Ukituma kutoka kwenye anwani inayosema usijibu, halafu ukalalamika kwamba hakuna anayejibu, umejijibu mwenyewe.

PDF iacheni. Kwenye simu inabidi ipakuliwe, ikuzwe kwa vidole, ivutwe kushoto na kulia, na wengi hawafiki huko. Maneno yawe ndani ya barua yenyewe, kwa safu moja, upana usiozidi pikseli 600 hivi, herufi za ukubwa unaosomeka bila kukuza, na kitufe ambacho kidole gumba kinakiweza. Gmail huikata barua ambayo msimbo wake unazidi takriban KB 102 na kuweka kiungo cha kutazama iliyobaki. Sehemu inayokatwa ni ya mwisho, ambako mara nyingi ndiko kuliko na kiungo cha kujiondoa. Sababu nyingine ya kuandika kwa ufupi.

Sasa picha. Moja nzuri inatosha, ya mtu anayefanya kazi inayosimuliwa. Picha za watu waliojipanga mstari mbele ya bango hazimwelezi msomaji chochote. Iwekee maelezo ya maandishi, kwa sababu wasioona husomewa barua na programu za kusoma kwa sauti, na baadhi ya programu za barua huficha picha hadi mtu aziruhusu. Jarida lililotengenezwa lote kama picha moja kubwa huwafikia watu hao likiwa tupu. Na kwa kuwa kazi yenu inahusu watoto: usitumie uso wa mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi aliyeelezwa picha itakwenda wapi. Kwa hili sikubali kisingizio cha haraka. Mikono inayobandika ukurasa inaeleza habari ile ile bila kumwanika mtoto.

Tuje kwenye barua taka. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na haikutengenezwa kwa kazi ya majarida. Tena ukiwaweka watu kwenye nakala fiche (BCC), hakuna kiungo cha kujiondoa kinachofanya kazi chenyewe, na siku utakayokosea ukawaweka kwenye nakala ya wazi, umewagawia watu mamia anwani za wenzao. Hamia kwenye mfumo uliotengenezwa kwa ajili hiyo, kama Mailchimp, Brevo au MailerLite. Linganisha bei zao kwa idadi ya anwani zenu baada ya kuzisafisha. Kabla ya hapo utalipia anwani zilizokufa.

Tuma kutoka kwenye kikoa cha shirika, yaani jina lenu la mtandaoni linalokuja baada ya alama ya @, si kutoka anwani inayoishia na gmail.com, kisha mwombe anayesimamia tovuti yenu aweke rekodi tatu kwenye mipangilio ya kikoa hicho. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chenu. DKIM ni muhuri wa kidijitali unaothibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa kilichotajwa na haikubadilishwa njiani. DMARC huiambia kampuni inayopokea ifanye nini na barua inayodai kutoka kwenu lakini imeshindwa kuthibitishwa. Anzeni na kiwango cha kutazama tu, mkaze baadaye mkishaona ripoti. Mfumo wa kutuma utawapa thamani za kunakili, na mtu anayeijua kazi yake hamalizi saa mbili.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti. Kwa Gmail, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku lazima awe na rekodi zote tatu na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Ninyi mko chini ya idadi hiyo, ila wekeni zote hata hivyo, kwa sababu sharti jingine linamgusa kila mtumaji: malalamiko ya barua taka yasifike 0.3%, na Gmail inashauri yabaki chini ya 0.1%. Piga hesabu. Hata kama watu wenu wote 3,200 wangekuwa wanatumia Gmail, 0.3% ni chini ya watu kumi. Watu kumi wakibonyeza "hii ni taka" siku moja, sifa ya kikoa chenu inaanza kuharibika hata kwa wale wanaowapenda.

Na ni nani hao wanaobonyeza? Mara nyingi ni wale wa kadi za mikutanoni. Mtu aliyekupa kadi alikupa ruhusa ya kumtafuta kwa jambo mlilozungumza, hakuomba jarida. Kwa wapokeaji walioko Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inataka ridhaa iliyotolewa kwa hiari na kwa uwazi pale mnapoitegemea ridhaa, na kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa. Nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana nayo, kwa hiyo someni ya kwenu. Lakini hata pasipo sheria ningekushauri vilevile: waandikie barua moja fupi wale ambao hamna ushahidi kwamba walijiandikisha. Waeleze jarida jipya litahusu nini, weka kitufe kimoja cha "Ndiyo, nitumieni", na asiyebofya aondolewe. Ndiyo, asiyebofya aondolewe.

Orodha itapungua, pengine sana. Mwandae mkurugenzi kabla, kwa sababu anwani 3,200 ni tarakimu inayopendeza kwenye ripoti. Mwoneshe kwamba anwani zisizofunguliwa zinagharimu fedha kila mwezi, zinashusha sifa ya kikoa, na zinamfanya mwalimu anayeingoja barua aikose kwa kuwa imetupwa kwenye taka. Anwani zilizokufa kabisa ziondoke mara tu mfumo unapozibaini. Orodha za kununua msiziguse kwa hali yoyote: huwa zimechanganyika na anwani za mtego zilizowekwa makusudi kuwanasa watumaji wa aina hiyo.

Kiungo cha kujiondoa kiwe wazi, kwa herufi zinazosomeka. Anayetaka kuondoka asipokiona, atabonyeza kitufe cha taka, na hapo amewaumiza. Wanaojiandikisha upya watumiwe barua ya kuthibitisha, ili anwani zilizoandikwa vibaya au zilizowekwa na mtu mwingine zisiingie. Baada ya uthibitisho, barua ya kukaribisha iende papo hapo. Huu ni wakati ambao msomaji anawakumbuka vizuri kuliko atakavyowakumbuka tena, na majarida mengi huutumia kumshukuru tu. Mwulize swali: "Ni jambo gani linalokusumbua zaidi kwenye maktaba yako?" Mwombe ajibu barua hiyo hiyo. Majibu yatakupa habari za miezi mingi ijayo, na mtu aliyewahi kuwajibu huwa barua zenu hazimpotei, kwa sababu mifumo ya barua huona kwamba mnaandikiana.

Kuhusu kupima, usiitegemee sana idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple humpa mtumiaji ulinzi wa faragha unaopakua picha zote mapema, zikiwemo zile alama zisizoonekana zinazohesabu ufunguaji, hata kama mtu hajaisoma barua. Takwimu hupanda bila msomaji kuongezeka. Hata mibofyo ina kasoro, kwani mifumo ya usalama ya baadhi ya ofisi hubofya viungo kuvikagua. Kwa shirika la ukubwa wenu ningefuatilia mambo matatu: majibu yaliyoandikwa na watu, waliofanya lile ombi moja la toleo, na waliojiondoa. Majaribio ya kulinganisha vichwa viwili yafanyeni mkipenda, lakini kwenye orodha ndogo tofauti ya watu wachache si ushahidi wa chochote. Msibadilishe mwelekeo kwa sababu yake.

Saa nzuri ya kutuma? Hakuna saa ya miujiza. Chagueni siku moja ambayo walimu wenu wana nafasi, na mbaki nayo. Mara moja kwa mwezi inafaa. Mwezi usio na habari, tumeni barua fupi yenye jambo moja la kweli badala ya kujaza kurasa.

Mkurugenzi mwombe matoleo matatu ya kujaribu, na umpe nafasi inayomstahili: aandike mistari minne mwanzoni mwa toleo, kwa jina lake, akisimulia jambo moja aliloliona shuleni na kumuuliza msomaji maoni yake. Wakuu wengi huacha kudai ukurasa mzima wanapoanza kupokea majibu yaliyoandikwa kwao binafsi na walimu.

Kabla ya kutuma toleo la kwanza, jitumie wewe na wenzako wawili, mmoja kwenye simu ya bei ndogo, mwingine kwenye kompyuta ya ofisi. Bofyeni kila kiungo. Zimeni picha muone kama barua bado inaeleweka. Isome kwa sauti tangu mwanzo. Pale unapojikwaa, msomaji naye atajikwaa. Ikishatoka na ukagundua kosa dogo la herufi, liache. Kama kiungo cha lile ombi ndicho kibovu, tuma masahihisho mafupi siku hiyo hiyo, yenye kiungo sahihi na mistari miwili tu ya maelezo.